Mbao, Jirongo, Fuliza: Majina ya pesa zetu yanatutoboa siri

SIMAMA stejini dakika tano tu, saa za watu kutoka kazini, kisha utege sikio. Makanga anaita, "Mbao! Mbao! Wawili twende!" Wingu likitanda tu, bei inageuka hapo hapo: "Soo! Ni soo!" Abiria mmoja anasema ana thao nzima, hana pesa ndogo. Mwingine anauliza kama anaweza kulipa kwa simu. Wa kiti cha nyuma anacheka, maana kwake simu imebaki na Fuliza pekee.

Hapo hakuna aliyefungua kitabu cha historia. Hata hivyo, kwa dakika hizo tano watu hao wametaja mambo ya India, ya Uingereza na ya bandari za Uarabuni, tena bila kujua. Majina tunayoyapa pesa ni kumbukumbu ya taifa ambayo hakuna aliyeketi kuiandika. Yanaonyesha nani alitutawala, nani alitutoza kodi, tulipanda nini kwenda tao na nani alitugawia noti wakati wa kura. Na majina tunayoyatumia sisi wa leo, tukiyasikiliza vizuri, yanasema jambo ambalo halifurahishi sana.

Tuyapitie moja moja.

Pesa ilivuka bahari

Neno pesa lenyewe ni mgeni aliyekaa mpaka akawa mwenyeji. Asili yake ni India, ambako paisa ni sarafu ndogo, sehemu ya rupia. Wafanyabiashara wa Kihindi walifika pwani yetu karne nyingi kabla ya reli, na sarafu zao zilizoeleka katika masoko ya Mombasa na Unguja kama pilipili na vitambaa walivyouza.

Hesabu ya zamani ilikuwa hivi: rupia moja ilikuwa na pesa 64. Yaani pesa ilikuwa kitu kidogo kabisa, shaba ya kununulia vitu vidogo. Mwaka 1888 kampuni ya Imperial British East Africa ilitoa sarafu zake za Mombasa, na iliyokuwa chini kabisa ndiyo hiyo ya pesa moja, yenye picha ya mizani. Leo neno hilo hilo la shaba ndogo ndilo tunalotumia kutaja bajeti ya serikali yenye matrilioni. Kuna maneno yanayopanda cheo maishani!

Pesa ilipandaje kutoka pwani hadi bara? Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901. Wahindi zaidi ya 30,000 waliletwa kuijenga, na malipo yalikuwa kwa rupia. Kisha mkoloni akaanza kutoza kodi ya nyumba, naye alitaka rupia. Huna rupia? Nenda ukafanye kazi katika shamba la mzungu uitafute. Ndivyo Wajaluo walivyopata neno pesa, na Wakikuyu wakapata mbeca. Neno halikuja peke yake. Lilikuja likiwa limeshikana mkono na kodi.

Majirani zetu Waganda wana kumbukumbu ya zamani zaidi. Kwa Kiganda pesa ni ensimbi, na ensimbi maana yake ya kwanza ni kauri, zile kombe ndogo nyeupe za baharini. Kabla ya rupia na shilingi, kauri zilikuwa pesa huko. Mtu wa Kampala anayetumiwa ensimbi kwa simu leo, ukitafsiri neno kwa neno, anatumiwa kombe za bahari ambayo nchi yake haina.

Rupia yenyewe haikudumu. Mwaka 1920 iliondolewa, ikaletwa florini. Florini nayo haikumaliza miaka miwili, shilingi ikaichukua nafasi yake mwaka 1921. Shilingi hiyo ilikuwa ya Afrika Mashariki nzima. Shilingi ya Kenya, hii tunayoililia kila mwisho wa mwezi, ilikuja mwaka 1966.

Sarafu zenye tundu

Ukimwona mzee wa miaka themanini, muulize kuhusu sarafu zenye tundu. Sarafu za mkoloni za senti 1, senti 5 na senti 10 zilitobolewa katikati. Mtu asiye na mfuko aliweza kuzitunga kwenye uzi kama shanga.

Kila moja ilikuwa na jina lake la nyumbani. Senti 5 ilikuwa ndururu. Senti 10 ilikuwa peni, na Wakikuyu waliiita ng'otore. Senti 50 ilikuwa sumni, au thumuni kwa wenye ulimi wa pwani. Hili la thumuni lina utamu wake, kwa sababu ni neno la Kiarabu lenye maana ya sehemu ya nane. Nane ya nini, ilhali senti 50 ni nusu ya shilingi? Jibu liko katika riale, ile sarafu kubwa ya fedha iliyotumika pwani kabla ya yote haya. Riale ilihesabiwa kuwa rupia mbili hivi, na rupia moja baadaye ikawa shilingi mbili. Riale moja basi ni shilingi nne. Gawa shilingi nne kwa nane, upate nini? Senti 50. Riale ilikufa, rupia ikafa, lakini hesabu yao ikaendelea kuishi ndani ya jina la sarafu nyingine kabisa.

Vijana wengi hatujawahi kushika ndururu, ila bado tunasema, "Sina hata ndururu." Tunaapa kwa sarafu ambayo hatuijui sura. Neno limeishi kuliko kitu chenyewe.

Sasa tuje kwa neno ambalo kila mkazi wa jiji hulitamka kila siku. Maelezo yanayojulikana zaidi ni kwamba magari ya kwanza ya abiria yasiyokuwa na leseni, miaka ya 1960, yalitoza senti 30 kuingia mjini. Senti 30 ni mapeni matatu, au mang'otore matatu. Makanga wa enzi hizo alikuwa akiitisha nauli tu: matatu, matatu, matatu. Nauli ikawa jina la gari. Mwaka 1973 Mzee Jomo Kenyatta aliruhusu magari hayo yabebe abiria bila leseni ya uchukuzi, na mambo yakawa mambo.

Hebu fikiria. Matatu ya leo ina skrini, ina michoro ya wasanii, ina muziki wa kupasua kifua, na bado kwenye jina lake imebeba risiti ya miaka sitini iliyopita. Kila ukisema "nimepanda matatu" unataja nauli ambayo babu yako alilipa. Hakuna ripoti ya uchumi inayoeleza kupanda kwa gharama ya maisha kwa ufupi kuliko hivyo.

Dala ya Dar ina ndugu wengi

Watanzania wana kisa chao, na kinafanana na chetu kama pacha. Mwaka 1983 magari ya watu binafsi yaliruhusiwa kubeba abiria Dar es Salaam. Nauli ilikuwa shilingi 5, na sarafu ya shilingi 5 mtaani iliitwa dala. Makonda wakaita, "Dala! Dala!" Basi daladala ikazaliwa. Miji miwili, nchi mbili, na katika kila mmoja abiria wameliita gari kwa kile lilichowatoa mfukoni.

Dala nayo ni dola. Ukifuata nyayo za dola unafika mbali kweli: ni neno lililotokana na thaler, sarafu ya fedha iliyopewa jina la bonde la Joachimsthal, mahali palipochimbwa fedha katika karne ya 16. Bonde hilo leo liko nchini Czech. Na usidhani ni habari za Ulaya zisizotuhusu. Ile riale ya pwani tuliyoitaja, iliyotumika sana katika karne ya 19, ilikuwa thaler yenye sura ya malkia Maria Theresa. Alifariki mwaka 1780, na sarafu zake ziliendelea kutengenezwa na kuandikwa mwaka huo huo kwa miaka mingi baada ya kifo chake.

Na lile neno hela unalolisikia katika Bongo Fleva? Wajerumani walipoitawala Tanganyika, waliigawa rupia yao katika heller 100. Heller ilipata jina kwa mji wa Hall huko Ujerumani. Wajerumani waliondoka zaidi ya miaka mia moja iliyopita, ila kijana wa Kariakoo bado anatafuta hela kwa jina waliloliacha.

Sheng iliweka akiba

Turudi Nairobi, kwenye maneno ambayo walimu wengi huyapiga marufuku darasani.

Bob. Kila Mkenya anasema "mia mbili bob". Ni neno la mtaani la Waingereza kwa shilingi yao ya zamani. Lakini Uingereza iliachana na shilingi Februari 1971 ilipobadilisha mfumo wa pesa zake, na huko bob imebaki kumbukumbu ya wazee. Sisi bado tunainunulia smokie. Waingereza wakitaka kusikia neno lao likiwa hai, waje Gikomba.

Mbao. Shilingi 20. Kwa nini 20 ipate jina lake, na 30 ikose? Kwa sababu enzi za ukoloni, na kwa miaka mingi baada ya uhuru, shilingi 20 zilihesabiwa kuwa pauni moja. Hata vitabu vya bajeti ya serikali vilikuwa vikiandikwa kwa pauni za Kenya. Sasa kumbuka jinsi pesa ilivyogeuka kuwa mbeca katika Kikuyu. Kwa njia hiyo hiyo pauni ikawa mbauni, na kutoka mbauni hadi mbao si safari ndefu hata kwa miguu.

Soo. Mia moja. Ukimwuliza muuza duka wa asili ya Gujarat kuhesabu mpaka mia kwa lugha ya nyumbani kwao, neno la mwisho utakalosikia ni so. Kwa Kihindi ni sau. Na ashu, shilingi kumi, ina sura ya ashara, kumi ya Kiarabu ambayo Waswahili wa zamani waliitumia kabla haijaachwa nyuma na kumi yetu.

Tazama basi. Lugha inayoitwa ya wahuni ndiyo iliyoweka akiba ya pauni ya mkoloni, hesabu ya dukawala na namba za mabaharia. Wakati vitabu vya shule viliendelea mbele, mtaa uliweka risiti.

Hatusemi mtahiniwa wa KCSE aandike insha kwa Sheng. Mtihani una lugha yake, na kazi ina lugha yake. Kijana anayejua Kiswahili sanifu ana mlango wa ziada maishani, na huo hatutaki mtu ajifungie. Tunachokataa ni ile tabia ya kumwambia mtoto wa Eastlands kwamba maneno ya kwao hayana asili. Yana asili. Mengine yana asili ndefu kuliko jiji lenyewe.

Noti iliyopata jina la mtu

Kisha kuna Jirongo. Ukitaka kujua kama mtu aliona uchaguzi wa mwaka 1992 akiwa na akili timamu, mwambie neno hilo uone atakavyotabasamu.

Mwaka huo Kenya ilifanya uchaguzi wake wa kwanza baada ya kurejea mfumo wa vyama vingi. Kundi la YK'92, likiongozwa na Cyrus Jirongo aliyekuwa kijana wakati huo, lilimpigia kampeni Rais Daniel arap Moi na kujulikana kwa kumwaga pesa. Noti ya shilingi 500 ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote nchini. Wananchi walipoanza kuiona kwa wingi kwenye mikutano, hawakungoja tume ya uchunguzi. Waliipa noti jina, wakamaliza.

Mwaka uliofuata, 1993, mfumuko wa bei ulipita asilimia 40. Bei zilipanda mpaka watu wakashika vichwa. Mwaka 1994 ikaja noti ya shilingi 1,000. Wachumi wameandika kurasa nyingi kuhusu pesa zilizozagaa kipindi kile. Mtaa ulitumia neno moja.

Hapa kuna kichekesho. Katiba ya mwaka 2010 inasema noti na sarafu zetu zisiwe na sura ya mtu yeyote. Ndiyo maana sarafu mpya zilizotolewa Desemba 2018 zina wanyama: twiga kwenye shilingi 1, kifaru kwenye 5, simba kwenye 10 na ndovu kwenye 20. Noti za mwaka 2019 nazo zikabeba jumba la KICC. Marais wakatoka. Lakini Jirongo hakuwahi kuwa na sura yake kwenye noti yoyote, na bado noti ilikuwa yake. Serikali inaamua kinachochapishwa kwenye karatasi. Jina linaamuliwa na anayeitumia.

Chai isiyo na majani

Si kila jina la pesa linasema ukweli. Mengine yametengenezwa kuuficha.

Chukua chai. Au kitu kidogo. Hongo ni kosa la jinai, lakini chai ni ukarimu, na nani Mkenya atakataa chai? Ukimwambia mtu "nimetoa hongo" moyo unashtuka kidogo. Ukimwambia "nimeacha kitu kidogo" unaendelea na safari yako kama kawaida. Tena mtu akiona haya, kuna methali ya kumfariji: mkono mtupu haulambwi. Mwaka 2001 Eric Wainaina alitoa wimbo uliouchukua msemo huo wa kitu kidogo na kuwarudishia wenyewe mbele ya taifa zima. Wimbo uliuma kwa sababu neno lilikuwa letu sote. Lilikuwa midomoni mwa anayeomba, na midomoni mwa anayetoa pia.

Somo lake ni rahisi. Neno laini hufanya jambo zito libebeke. Na jambo zito likishabebeka, watu hulizoea.

Na sisi je, tumeongeza nini?

Hapa ndipo tunapotaka kusimama kwa muda, kwa sababu kizazi hiki nacho kinaandika sura yake.

Mwezi Machi mwaka 2007 Safaricom ilizindua M-Pesa. Ile shaba ya Kihindi iliyofika na majahazi ikawekewa herufi M mbele, ikaingia kwenye simu. Leo nchi nyingi zinatutaja kwa huduma hiyo, nasi tuna haki ya kujivunia. Mama mboga, mhudumu wa boda na makanga wote wanalipwa kwa simu.

Lakini pesa ikishaingia kwenye simu, haina rangi, haina tundu, haina ndovu wala twiga. Ni tarakimu tu. Ni vigumu kuipa jina la utani kitu usichokishika. Kinachopata majina siku hizi si sarafu tena. Ni huduma, na huduma hubatizwa ofisini na watu wa mauzo, halafu sisi huitikia.

Na watu hao wa mauzo wanakijua Kiswahili vizuri, tena sana! Okoa Jahazi ni msemo wa mabaharia: chombo kinazama, watu wote washikane kukinusuru. Leo maana yake ni kukopeshwa muda wa maongezi. Fuliza, iliyoanza mwaka 2019, ni kitenzi cha Kiswahili chenye maana ya kufanya jambo mfululizo, bila kukatiza. Neno zuri na sahihi kuliko wengi wanavyofikiri, kwa maana deni lenye ada ya kila siku hufanya hivyo hivyo: halikatizi. Pesa ikitumwa kwako, kabla hujaitazama, Fuliza imeshachukua yake.

Hatuilaumu kampuni kwa kuuza huduma ambayo watu wanaitaka. Mtu aliyekwama usiku na mgonjwa anajua thamani ya mia tano ya kukopa kwa sekunde tatu. Tunachouliza ni kile tulichouliza kuhusu chai: neno hili linatufanya tusisikie nini? Jaribu hivi. Badala ya kusema "nimefuliza mia tatu," sema "nimekopa mia tatu, sasa nina deni." Umesikia tofauti?

Kisha kuna mkeka. Kwa bibi yako mkeka ulikuwa kitu cha kukalia au kulalia, kazi ya mikono ya siku nyingi. Kwa vijana wengi leo mkeka ni orodha ya mechi walizobashiri, na ukisikia mtu analia kwamba mkeka wake umechanika, ujue timu moja imemwangusha na karo au kodi ya nyumba imeenda. Neno la mapumziko limekuwa neno la kukosa usingizi.

Sasa weka majina haya kwenye mstari mmoja. Kizazi cha rupia kiliacha neno pesa, nalo linazungumzia kodi. Kizazi cha uhuru kiliacha matatu, neno la safari ya kwenda kutafuta kazi mjini. Kizazi cha 1992 kiliacha Jirongo, neno la kura zilizonunuliwa. Miaka hamsini ijayo, kijana akitaka kutujua sisi kwa majina ya pesa zetu, atakuta fuliza, okoa jahazi na mkeka. Atasema watu hawa walikuwa wakikopa na kubahatisha. Naye hatakuwa ametuonea.

Tulishaonyesha tunaweza

Lakini atakuta pia jambo lingine, na hili lisisahauliwe. Mwaka 2024 Mswada wa Fedha ulipoletwa bungeni ukiwa na lugha ngumu ya kisheria, vijana waliukataa ugumu huo kwanza. Walieleza vipengele vyake mitandaoni kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za mama, mpaka mtu wa kibandaski akajua mkate wake unahusikaje. Rais William Ruto akaitwa Zakayo, yule mtoza ushuru wa kwenye Biblia aliyepanda mti. Mswada uliondolewa Juni mwaka huo, baada ya vijana wengi kumwaga damu barabarani.

Watu wanaweza kubishana kuhusu siasa za siku hizo. Jambo moja halina ubishi: mara tu suala la kodi lilipopata maneno ambayo kila mtu anayaelewa, halikuwa tena la wataalamu peke yao. Kulipa jambo jina lake ni hatua ya kwanza ya kulishika.

Kwa hivyo tuna maombi matatu, na hakuna linalohitaji bajeti.

La kwanza ni kwa walimu. Kipindi kimoja tu cha Kiswahili, waache wanafunzi walete majina yote ya pesa wanayoyajua, ya Sheng, ya pwani na ya nyumbani kwao, kisha mtafute yalikotoka. Watajifunza ngeli na mnyambuliko bila kusinzia, na historia itaingia humo humo.

La pili ni kwa watunzi wa kamusi. Kamusi zetu zina thumuni na ndururu, na hilo ni jema. Ziwe na mbao ya shilingi 20 na Jirongo pia, zikiwa na mwaka na maelezo. Sheng hubadilika haraka. Neno la mwaka huu linaweza kuwa halina mwenyewe mwaka ujao, na likipotea linaondoka na ushahidi wake.

La tatu ni kwako unayesoma haya kwenye simu. Walioshika sarafu zenye tundu wanazidi kupungua kila mwaka. Wikendi hii ukienda nyumbani, au ukipiga simu, muulize nyanya au babu alikuwa akilipa nini kupanda gari la kwanza maishani mwake, na ile sarafu waliiitaje. Andika neno, andika mahali, andika mwaka. Ukipata lile ambalo hatujalitaja hapa, umetushinda.

Na siku nyingine utakapobonyeza ile huduma ya kukopa, kabla hujaweka nambari ya siri, litaje deni kwa jina lake, kwa sauti. Kama bado unalihitaji, chukua. Angalau utakuwa umejua unachokichukua.